Juu ya Thamani ya Wateule wa Duru za Mwisho

Tangu Cade Massey na Richard Thaler walipochapisha mwaka 2013, katika jarida la Management Science, utafiti wao juu ya uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, imeenea rai ya kwamba kumpambanua kijana mmoja na mwenziwe katika duru za mwisho za uteuzi huo ni bahati nasibu tupu, na ya kwamba klabu yenye akili haina la kufanya ila kujilimbikizia zamu nyingi za kuchagua na kungoja majaaliwa. Katika asili ya utafiti wenyewe hapana mzozo: klabu hulipa kupita kiasi kwa ajili ya zamu za juu, na mchezaji aliyetangulia kuchaguliwa humshinda anayemfuata katika kazi ileile ya uwanjani kwa kadiri isiyozidi sana nusu ya mara zote. Wala hapana mzozo mkubwa juu ya watafiti Kuzmits na Adams, walioonyesha mwaka 2008 kwamba vipimo vya mwili wanavyofanyiwa vijana huko Indianapolis kabla ya uteuzi, isipokuwa mbio fupi kwa wakimbiaji na mpira, havina uhusiano thabiti na mafanikio ya baadaye. Mzozo wangu ni juu ya natija waliyoitoa wafuasi. Kwani mpangilio wa uteuzi hupima ilimu waliyokuwa nayo wachaguzi siku ile tu, wala haupimi klabu ilimtendea nini kijana baada ya siku ile.

Hujja yangu kubwa ni Jordan Mailata. Kijana huyu wa Australia, aliyekulia katika ragbi, alichaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 katika duru ya saba, akiwa wa 233, ilhali hajapata kucheza hata mechi moja ya futiboli hii, na kwa hiyo filamu za mechi, ambazo wapelelezi wa vipaji huzitegemea kuliko kitu kingine chochote, hazikuwapo kabisa. Alichokuwa nacho ni kimo cha futi 6 na inchi 8, uzito wa ratili 340 na ushei, na wepesi wa miguu usiotarajiwa kwa mwili wa namna hiyo. Na Eagles nao walikuwa na Jeff Stoutland, mwalimu wa safu ya mbele ya ushambuliaji, na, lililo adimu zaidi, walikuwa na subira. Misimu ya 2018 na 2019 ilipita bila kijana yule kukanyaga uwanja katika mechi ya ligi, maumivu ya mgongo yakimweka kando, wala klabu haikumtupa. Mwaka 2020 akaingia kikosini, mwaka 2021 akapewa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 64, na Februari 2025 ndiye aliyekuwa mkinga wa ubavu wa kushoto wa timu iliyoishinda Kansas City Chiefs katika Super Bowl, fainali ya ligi. Eagles walichagua sifa isiyofundishika, wakayaacha yanayofundishika kwa mwenye kufundisha, na hiyo naiita tathmini, si kamari.

Kisa cha Tom Brady, wa 199 mwaka 2000, aghalabu hutajwa kuwa ithibati ya jicho kali la New England Patriots. Lakini klabu hiyo ilikwisha kuwachagua wengine sita kabla yake, na wa sita wao katika duru ileile. Sifa wanayostahiki ni kumweka kikosini msimu mzima akiwa kwotabeki, yaani mwongoza mashambulizi, wa nne, anasa ambayo klabu chache hukubali kuigharimia.

Yamkini nitapingwa kwa kwotabeki Brock Purdy, mteule wa mwisho kabisa wa mwaka 2022, wa 262, ambaye hakuwa na umbo la ajabu, bali misimu minne ya kuongoza timu ya Iowa State. Nakubali kwamba klabu yake, San Francisco, ilimpokea akiwa karibu amekamilika. Lakini mlango wake ulifunguliwa na majeraha ya Trey Lance, kisha ya Jimmy Garoppolo, makwotabeki waliokuwa mbele yake. Na lau hao wangalikuwa wazima, Purdy huyuhuyu angaliandikwa katika majedwali ya watafiti wa uteuzi miongoni mwa walioshindwa, bila ya upungufu wowote kuzidi katika uwezo wake. Maadamu majedwali hayo hayaandiki mwalimu, wala misimu ya kungojewa, wala nafasi aliyopewa mtu, nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa bahati katika duru tatu za mwisho ni malezi ambayo hakuna aliyeyahesabu.