Nusukaputi ya Binafsi Eastlands: Kazi ya Kuitwa

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, nusukaputi ya binafsi haikuanza kama kliniki yenye bango mlangoni. Ilianza kama kazi ya kuitwa. Mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuwa na wagonjwa wake mwenyewe. Mpasuaji au mwenye hospitali ndogo ya uzazi alimwita, akaja na mkoba, akamaliza, akaenda zake.

Zamani, mkaazi wa Kaloleni au Bahati aliyehitaji kupasuliwa kwa kawaida alielekea kwenye hospitali za umma: Pumwani, iliyoanza 1926 kwa jina la Lady Grigg, au King George VI, ambayo leo ni Kenyatta. Tume ya Ndegwa ya 1971 ndiyo iliyobadili mambo kwa kupendekeza watumishi wa serikali, madaktari wakiwemo, waruhusiwe kuwa na shughuli zao za pembeni. Miaka hiyohiyo Buruburu, Umoja na Dandora zilikuwa zikijengwa, na wateja wakawa wamesogea. Sheria ya 1988 iliwapa maafisa wa kliniki nafasi ya kufungua huduma zao, na miongoni mwao wamo waliosomea nusukaputi. Kufikia miaka ya 1990, Buruburu ilikuwa na Metropolitan, hospitali kamili ya binafsi.

Lakini sheria peke yake isingetosha. Nyumba ya mtaani iliyogeuzwa hospitali haina mabomba ya gesi ukutani, na stima hupotea. Kilichowezesha kazi hii, kwa maoni yangu, ni ketamini, dawa ya usingizi iliyobuniwa Marekani 1962. Hudungwa mshipani au msulini; mgonjwa hasikii maumivu, lakini kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe na shinikizo la damu haliporomoki. Ubaya wake ni ndoto za kutisha wakati wa kuzinduka, ndiyo maana wengi huongeza diazepamu kidogo. Kwa upasuaji wa uzazi kuna sindano ya mgongo, mbinu ya August Bier ya 1898: mama hubaki macho, akamsikia mtoto akilia. Kulikuwa pia na EMO, mtambo wa nusukaputi wa Oxford wa miaka ya 1950, uliopitisha hewa ya kawaida juu ya etha bila kuhitaji umeme. Etha hushika moto upesi, na ilitoweka taratibu.

Udhaifu wa mfumo huu uko wazi. Mkoba wa mtaalamu hubeba dawa. Haubebi mtungi wa oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi wala muuguzi wa kumwangalia mgonjwa anayezinduka. Hayo yote ni jukumu la hospitali iliyomwita. Basi, msomaji, kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, uliza ni nani atakayekulaza usingizi, na kama atabaki kando yako mpaka uamke.