Maboma ya Pwani ya Ziwa

Tangu karne ya 16 hivi, katika nchi iliyo kusini ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, nchini Kenya, wakazi walijenga kuta za mawe makavu, pasina chokaa wala udongo wa kuyashikamanisha, ili kuzihifadhi nafsi zao na mifugo yao na kila shari. Na maboma hayo, lililo mashuhuri zaidi likiwa ni Thimlich Ohinga, yakakaliwa na kaumu baada ya kaumu, Wabantu na Waniloti, hata yakahamwa katika karne ya 20.

Mjini Kisumu nako, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980 yana dala, ndiyo makazi ya Mjaluo wa kale, nyumba ya mikayi, mke mkubwa, ikielekea lango, na za wake wenziwe zikifuata kwa daraja.

Lakini paa la nyasi huoza, na mizizi ya miti huuangusha ukuta. UNESCO iliitia Thimlich Ohinga katika urithi wa dunia mwaka 2018. Walakini sharafu hiyo haitafaa kitu, ila vijana wa vijiji vya jirani warithishwe ufundi wa kulipanga jiwe juu ya jiwe, nao walipwe ujira wa haki.