Hila ya Mwezi: Kisa cha Tarehe 29 Februari

Alipofariki dunia Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili wa Tanzania, jijini Dar es Salaam, siku ya Alhamisi, tarehe 29 Februari 2024, kisha akazikwa Mangapwani, Unguja, Jumamosi iliyofuata, msiba ulitushughulisha hata wengi wetu hatukutanabahi kwamba tarehe ile ni katika zile zisizorudi kila mwaka. Na sasa wale wanaopenda kuadhimisha siku yenyewe kwa hesabu ya Kizungu hawana budi ama kuazima siku ya jirani, ama kungoja hadi 2028. Kwa hesabu ya Kiislamu taabu hiyo haipo, maana marehemu alitutoka katika mwezi wa Shaabani, na Shaabani haimkosi mtu mwaka wowote.

Siku hii ya nyongeza ni urithi wa Julius Caesar, ambaye mwaka 46 kabla ya Masihi, kwa shauri la Sosigenes, mwanafalaki wa Iskandaria, aliuamuru mwaka wa Kirumi ufuate jua. Papa Gregory XIII akaitengeneza hesabu hiyo mwaka 1582, nasi tumeipokea kama ilivyo. Wazee wetu wa pwani, waliohesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani siku ya Mwaka mpya, walitosheka na siku 365, wala hawakusumbuka na robo ya siku iliyobaki, ndiyo sababu Mwaka wao ukawa ukisogea taratibu katika majira, na mabaharia waliujua msogeo huo wakaupatiliza katika hesabu zao pasipo kumtegemea Kaisari yeyote.

Mambo makubwa yaliyoiangukia tarehe hii si haba. Usiku wa 29 Februari 1960, katika siku za mwanzo za Ramadhani, mji wa Agadir, Moroko, ulitikiswa kwa sekunde chache, na watu zaidi ya 12,000 wakafa chini ya kuta zao. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar. Na mwaka 2004 Rais Jean-Bertrand Aristide aliondoshwa Haiti kwa namna ambayo bado inabishaniwa. Lakini kisa ambacho kila mwaka mrefu ukifika magazeti ya Ulaya na Marekani hukirudia kwa bashasha ni kile cha Christopher Columbus na mwezi, katika kisiwa cha Jamaika, mwaka 1504, nacho ndicho nitakachokikalia, kwa kuwa naona kimesimuliwa kwa muda mrefu mno na upande mmoja tu.

Columbus alikuwa katika safari yake ya nne na ya mwisho. Alitoka Uhispania Mei 1502 na merikebu nne, na baada ya mwaka mmoja wa dhoruba na vita katika pwani ya Amerika ya Kati alibakiwa na mbili, nazo zimetobolewa na wadudu wa baharini kama sega la nyuki, kwa kuwa hazikupata kinga ya kutosha dhidi ya adui yule ambaye manahodha wetu walimzuia kwa deheni. Mabaharia walifua maji usiku na mchana pasipo kuyashinda, hata tarehe 25 Juni 1503 akazipweleza makusudi zote mbili, ubavu kwa ubavu, katika ghuba aliyoiita Santa Gloria, ambayo leo ni St. Ann's Bay, akajenga vibanda juu ya sitaha, mbele kwenye omo na nyuma kwenye shetri, na watu wake mia moja na ushei wakawa hawana pa kwenda.

Aliyewalisha ni nani? Ni Wataino, wenyeji wa kisiwa, waliokuja kila siku na mikate ya muhogo na nyama ya wanyama wadogo mfano wa panya buku, wakapewa ushanga, njuga na vipande vya kamba za nguo. Diego Méndez na Bartolomeo Fieschi walitumwa kwa mitumbwi kuvuka hadi Hispaniola kuomba msaada, wakafika salama. Ila liwali wa huko, Nicolás de Ovando, ambaye hakumpenda Columbus na mwaka uliotangulia alimzuia hata kujikinga na tufani bandarini mwake, aliwaweka miezi kadhaa akishughulika na kuwaua machifu wa Jaragua, kisiwani humo. Huku nyuma Columbus alikuwa mgonjwa wa jongo, kitandani.

Ndipo fitina ikazuka. Ndugu wawili, Francisco na Diego de Porras, waliopata vyeo vyao kwa kubebwa na mkubwa mmoja wa hazina, waliwashawishi wenzao kwamba Amiri, yaani Columbus, hana nia ya kurudi Uhispania, na tarehe 2 Januari 1504 Francisco akaingia chumbani kwa mgonjwa na kumtolea maneno makali, kisha karibu nusu ya watu wakatwaa mitumbwi ya wenyeji na kuondoka nayo. Walipokuwa baharini upepo ukawageukia, na ili kuipunguzia mitumbwi uzito wakawatosa Wataino waliokuwa wakiwapigia makasia, na wale walioshikilia kingo za mitumbwi ili wapumzike wakawakata mikono. Hawakufanikiwa kuvuka, wakarejea nchi kavu, wakawa wanapita kijiji hadi kijiji wakipora chakula, na kuwaambia wenyeji wakadai malipo kwa Columbus.

Msomaji na atie maanani mfuatano huo wa mambo, kwa kuwa wasimulizi wengi huuruka. Hukimbilia kusema kwamba wenyeji “walichoka” kuwalisha wageni, kana kwamba ukarimu wao ulikuwa na kasoro. Fernando, mwana wa Columbus, aliyekuwamo merikebuni akiwa kijana wa miaka 15, na ambaye kitabu chake ndicho chemchemi ya takriban yote tuyajuayo kuhusu usiku ule wa kupatwa kwa mwezi, anakiri mwenyewe kwamba Wahispania walikula kwa siku moja zaidi ya walichokula wenyeji kwa siku ishirini. Kwa miezi minane watu wasiolima kwa ziada waliwalisha wageni wasiolima kabisa, kisha wakaona jamaa zao wanatoswa baharini. Mimi nastaajabu kwamba hawakuacha mapema zaidi.

Walipoacha kuleta chakula, Columbus alikuwa na jedwali la wanafalaki. Wako wasemao lilikuwa la Regiomontanus, yule Mjerumani aliyefariki mwaka 1476, na wako wasemao lilikuwa la Abraham Zacuto, Myahudi wa Salamanca, ambaye Mfalme na Malkia waliomtuma Columbus ndio waliomfukuza nchini mwaka 1492 pamoja na Mayahudi wenzake wote. Liwe la yupi, lilieleza kwamba mwezi utapatwa jioni ya Alhamisi, 29 Februari, ambayo kwa hesabu yetu ya pwani, jua likishatua, ndiyo usiku wa Ijumaa. Akawaita machifu, akawaambia kwa ulimi wa mkalimani kwamba Mungu wa Wakristo amewakasirikia kwa kuwanyima waja wake chakula, na kwamba usiku huo mwezi utachomoza umeiva kwa ghadhabu, iwe ishara ya njaa na tauni itakayowashukia. Baadhi yao waliogopa, asema Fernando, na wengine walicheka.

Mwezi ulichomoza huku umekwisha kuanza kupatwa. Giza lilipozidi, wakaja mbio kutoka kila upande wamejitwika vyakula, wakilia na kumsihi Amiri awaombee. Naye akasema atakwenda kunong'ona na Mola wake, akajifungia chumbani mpaka alipojua kwamba giza limefikia kilele na litaanza kupungua, kisha akatoka na kutangaza kwamba amewaombea nao wamesamehewa, ilimradi waendelee kuleta chakula. Tangu siku hiyo, asema mwanawe, hawakupungukiwa na kitu.

Wasimulizi husema watu wale hawakujua kupatwa kwa mwezi ni nini. Hilo halikubaliki akilini: mwezi hupatwa mara kwa mara, na mtu mzima yeyote alalaye chini ya mbingu za Karibi alikwisha kuuona umegeuka mwekundu zaidi ya mara moja. Nadhani kilichowatisha ni kwamba mgeni huyu aliijua saa. Na ningethubutu kuongeza kwamba hofu ya panga za kina Porras ilikuwamo pia ndani ya vikapu vile vya muhogo, ingawa Fernando hakuiandika.

Takriban miaka 870 kabla ya hapo, Madina, jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahimu, mwana mchanga wa Mtume Muhammad, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume alikuwa na kila nafasi ya kuwaacha waamini hivyo. Akawakataza: jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sisi tuliolelewa na hadithi hiyo chuoni tulipaswa kukipima kisa cha Columbus kwa mizani yake. Badala yake tulipofika shule tulipewa kukisoma kinyume. Rider Haggard aliichukua hila iyo hiyo akaitia katika riwaya yake ya 1885, iliyokuja kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambamo Wazungu watatu wenye kalenda wanawatisha Waafrika kwa kuwazimia nuru ya mbingu; na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki waliisoma kwa furaha, wakashangilia upande wa wenye kalenda.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Columbus aliupima muda wa kupatwa kule ili ajue umbali wake kutoka Uhispania, akaandika kwamba baina ya Cádiz na Jamaika pana tofauti ya saa saba na dakika 15. Kweli yake haifiki saa tano. Kosa hilo lilimfaa, kwa kuwa lilimsogeza karibu na Asia aliyokuwa akiitafuta, naye alikufa Mei 1506 bado akiamini aliifikia.

Yaliyobaki ni mafupi. Waasi walishindwa katika mapigano ya Mei 1504, merikebu ya kuwaokoa ikaja mwishoni mwa Juni, na Columbus hakurudi tena katika bahari zile. Wahispania walirudi mwaka 1509 kujenga mji wao kando ya ghuba ile ile, na katika muda mfupi Wataino wa Jamaika wakateketea kama taifa kwa kazi za shokoa, upanga na maradhi. Waingereza wakakitwaa kisiwa mwaka 1655, na watumwa kutoka Afrika wakafanywa wengi kuliko watu wengine wote. Mwaka 1887, katika mji huo huo wa St. Ann's Bay, alizaliwa Marcus Garvey.

Columbus anayo sanamu yake mjini hapo, na Garvey anayo ya kwake. Wazamiaji na wataalamu wa mambo ya kale wamezitafuta merikebu zile mbili kwa miongo mingi, kwa fedha nyingi na mitambo ya kila aina, wala hazijapatikana. Kijiji cha Maima, ambacho Fernando anakitaja kwa jina kuwa kilikuwa karibu na kambi yao, na ambacho bila shaka kilitoa sehemu ya mikate ile, kimeanza kuchimbuliwa kwa bidii katika miaka hii ya karibuni tu.