Neno la leo: ubeti

Makundi ya watalii wanaolala jangwani Wadi Rum, Jordan, hukaribishwa na Mabedui kwenye hema refu, jeusi, lililofumwa kwa singa za mbuzi. Singa zikilowa mvua hufura, matundu yakaziba. Zikikauka hunywea, hewa ikapita. Kwa Kiarabu hema hilo ni bayt al-sha'r, nyumba ya nywele. Badili irabu moja tu, iwe bayt al-shi'r, na unapata ubeti wa shairi.

Ndiko lilikotoka neno letu. Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyepanga kanuni za arudhi ya Kiarabu, aliviita vipande vya mizani kwa majina ya hemani: sabab ni kamba, watid ni kigingi.

Waswahili tuliupokea ubeti, tukaujenga upya. Wa Kiarabu ni mstari mmoja wenye nusu mbili; wa tarbia yetu una mishororo 4.

Na sarufi isisahaulike: ubeti mmoja, beti mbili. Anayeandika "beti moja" amechanganya umoja na wingi.