Alfajiri ni saa ngapi?

Wiki hii nina ugomvi na wenzangu wa chumba cha habari. Mara kwa mara taarifa huletwa mezani ikisema ajali ilitokea "saa tisa alfajiri". Saa tisa ni usiku, tena usiku wa manane! Alfajiri haiji mpaka mwanga uonekane.

Neno lenyewe tumelitoa kwa Waarabu, al-fajr, na asili yake ni kupasua: giza linapasuka, nuru inatoka. Watu wa pwani walilipokea pamoja na sala na saumu, na hawakuweza kulichezea, maana mla daku alipaswa kujua aache kula wakati gani. Kabla ya saa za ukutani alitazama mbingu. Kwanza husimama mwanga mwembamba, wima, kisha hufifia. Hiyo ni alfajiri ya uongo, na daku bado ni halali. Baadaye weupe hutanda mashariki, kushoto na kulia. Hiyo ndiyo ya kweli, nawa mikono.

Lakini tusidhani kwamba kabla ya hapo tulikuwa gizani. Kitenzi "kucha" ni chetu cha Kibantu, nacho ndicho kilichotuzalia macheo, usiku kucha na kumekucha. Hata saa zetu zinahesabiwa kutoka hapo: saa moja ya asubuhi maana yake saa moja imepita tangu kuche. Karibu na Ikweta hesabu hiyo haisumbui. Dar es Salaam, jua la Julai na la Novemba hupishana kuchomoza kwa muda usiofika saa moja. Jaribu London uone!

Liko jambo jingine, na hili huwakosesha waandishi wa historia. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza magharibi, jua linapotua. Usiku ni mali ya siku inayofuata. Mzee wa Unguja akikwambia Mapinduzi yalianza usiku wa Jumapili, usiandike kwamba ni baada ya jua la Jumapili kuzama. Ana maana usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, pale Ziwani na Mtoni palipovamiwa kabla hakujapambazuka. Kijana anayeandika "Jumapili usiku" ameyachelewesha Mapinduzi kwa karibu siku nzima, na Sultani amekwisha kuondoka.