Uvimbe wa Ovari Unaozalisha Homoni kwa Wasichana Hudhaniwa Kuwa Ujauzito

Uvimbe unaozalisha homoni katika ovari, yaani kifuko cha mayai cha mwanamke, ni ugonjwa wa nadra kwa wasichana. Hata hivyo, baadhi ya dalili zake, kama hedhi kukoma na tumbo kukua, ni zile ambazo jamii huzitafsiri kwa haraka kuwa ni mimba.

Dalili hutegemea homoni inayozalishwa. Uvimbe wa seli za granulosa hutoa estrojeni kwa wingi. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 8 huota matiti na hata kutokwa damu ukeni, na kwa aliyekwisha kuvunja ungo hedhi huvurugika. Uvimbe wa seli za Sertoli na Leydig aghalabu hutoa homoni za kiume: sauti huwa nzito, ndevu na chunusi huota, hedhi hukoma. Hayo si laana, wala hayatokani na mwenendo wa binti.

Lililo zito zaidi ni kwamba uvimbe mwingine wa ovari hutoa homoni ya hCG, ambayo ndiyo hutafutwa na kipimo cha mkojo cha mimba. Binti asiye mjamzito aweza kupimwa na kipimo kikaonyesha mimba. Kwa hiyo kipimo hicho pekee hakitoshi. Ultrasaundi ndiyo huonyesha kama kuna mtoto katika mji wa mimba au kuna uvimbe. Na hata ikithibitika ni mimba, tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurejea shuleni, hivyo hakuna sababu ya kumficha binti nyumbani.

Kwa wakazi wa Kata ya Makuyuni, wilayani Korogwe, hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, na inapobidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, jijini Tanga. Matibabu ya saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi.

Uvimbe wa granulosa kwa wasichana mara nyingi hugunduliwa ungali ndani ya ovari moja. Ovari hiyo huondolewa pamoja na mrija wake na ya pili kuachwa, hivyo binti aweza kuzaa baadaye. Ulioenea huhitaji pia dawa za saratani.

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, yakiambatana na kutapika, huenda yakaashiria ovari iliyojisokota. Mgonjwa huyo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.