Eishyshok: Nyuso za Watu 3,446

Desemba 1, 1941, Karl Jäger, kamanda wa kikosi cha mauaji cha Wanazi nchini Lithuania, aliandika ripoti ya kazi yake. Aliorodhesha watu 137,346 waliouawa, mji kwa mji, wengi mno wao Wayahudi. Mji mdogo wa Eishyshok, ulio kusini mwa Vilnius, ulipewa mstari mmoja: wanaume 989, wanawake 1,636, watoto 821. Jumla 3,446.

Wayahudi walikuwa wameishi Eishyshok kwa karne nyingi, na soko la mji liliwategemea. Wajerumani waliingia Juni 1941. Septemba 21, mkesha wa Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Wayahudi wa mji na wa vijiji jirani walianza kukusanywa na kufungiwa ndani ya sinagogi. Baadaye walihamishiwa kwenye soko la farasi. Septemba 25 wanaume walipigwa risasi kwenye makaburi ya kale ya Kiyahudi. Kesho yake wakauawa wanawake na watoto. Miongoni mwa waliofyatua risasi walikuwamo mgambo wa Kilithuania waliowatumikia Wajerumani.

Wachache waliponyoka. Mmoja wao, Yaffa Eliach, alikuwa mtoto mdogo, mjukuu wa wapiga picha wa mji huo. Alipokuwa profesa wa historia nchini Marekani, aliwasaka manusura na jamaa zao katika nchi mbalimbali, akikusanya picha zilizopigwa Eishyshok kabla ya vita. Nyingi zilisalimika kwa sababu familia zilikuwa zimewatumia ndugu waliohamia ng'ambo. Zinaonyesha maharusi, wanafunzi, akina bibi na watoto wao. Tangu 1993 mamia ya picha hizo yamepamba mnara wa ndani wa Jumba la Makumbusho ya Holokosti mjini Washington.

Jäger aliishi Ujerumani kwa jina lake halisi hadi alipokamatwa mwaka 1959. Alijiua kabla ya kufikishwa mahakamani. Haki ya kisheria ikawapita watu wa Eishyshok. Ndiyo maana kazi ya Eliach ina uzito mkubwa. Ripoti ya muuaji inamfunga mdomo anayekana kwamba mauaji yalitokea, lakini inawataja waliokufa kwa hesabu tu. Picha zinawarudishia sura, ukoo na maisha waliyonyang'anywa. Historia ya mauaji ya kimbari popote pale inavihitaji vyote viwili.